Gson au Jackson kwa mfumo wa malipo: uliza kwanza ipi hunyamaza

Ndugu, umeuliza kama katika mfumo wa malipo unaoanza kuuandika kwa Java 17 utumie Gson au Jackson, maktaba mbili za kusoma na kuandika JSON (data inayotumwa kama maandishi yenye majina na thamani), na umeeleza kwamba mwenzako anaitaka Gson kwa kuwa ni nyepesi, nawe unatafuta vipimo vya kasi ili ubishi uishe. Nimezitumia zote mbili katika mifumo iliyoshika fedha za watu, na kwa maoni yangu kasi si swali la kwanza, kwa sababu mifumo ya namna hiyo hupoteza muda wake mwingi kwenye mtandao na kwenye hifadhidata, wala si katika kusoma JSON ya kilobaiti mbili. Swali la kwanza ni hili: data iliyoletwa isipolingana na klasi (umbo la data) uliyoiandika, maktaba hufanya nini? Hulalamika na kukataa, au hunyamaza na kuendelea?

Mimi nililijua hili baada ya hasara. Tulikuwa tukipokea taarifa za malipo kutoka kwa kampuni mshirika, na kwa kuwa umbo la taarifa hizo lilikuwa likibadilika kila mara, tuliamua kuzisoma kwa Gson moja kwa moja kwenye Map<String, Object> yaani jedwali la majina na thamani za aina yoyote, badala ya kuziandikia klasi. Gson isipoelezwa aina ya namba, kwa kawaida yake huifanya kila namba kuwa Double, aina ya namba yenye desimali, na Double huhifadhi kila namba nzima bila kosa hadi 9,007,199,254,740,992 tu, yaani 2 kwa kipeo cha 53. Ikivuka hapo huanza kuruka. Namba zetu za risiti zilikuwa na tarakimu 17, zikianza na tarehe. Chukua 20190412000000017: ikipitia kwenye Double hutoka ikiwa 20190412000000016. Tena si hiyo peke yake, kwani namba zinazoishia na 14, 15, 16, 17 na 18 katika mfululizo huo zote hutoka zikiishia na 16. Malipo ya watu watano yakawa na risiti moja, na kinga tuliyoiweka dhidi ya malipo yanayojirudia ikayatupa manne bila kuandika hitilafu yoyote. Tulihangaika siku tatu, maana kila tulipoufungua ujumbe wenyewe kwenye kumbukumbu za seva tulikuta namba zote ni sahihi.

Jackson, kwa Map hiyohiyo, huchagua Integer, Long au BigInteger, aina tatu za namba nzima, kulingana na ukubwa wa namba. Kwa haki, Gson nayo tangu toleo la 2.8.9 inakuruhusu kuchagua ToNumberPolicy.LONG_OR_DOUBLE, inayozisoma namba nzima kama Long, lakini ni lazima ujue kwamba unahitaji kuiomba.

Kuna ukimya mwingine wa Gson ambao watu wengi hawaujui. Klasi isipokuwa na konstrakta (sehemu inayoiunda obijekti) isiyo na vigezo, Gson hutengeneza obijekti kwa kuzikwepa konstrakta zako zote, na hata thamani za mwanzo ulizoandika hazitekelezwi. Ukiwa umeandika sarafu = "TZS" ukidhani umejikinga, utakuta null, yaani hakuna thamani, pale mtumaji asipoitaja sarafu.

Jackson 2 kwa kawaida yake hukataa sehemu isiyoifahamu, kwa hiyo mshirika akibadilisha jina la sehemu unapata taarifa siku hiyohiyo. Angalia tu kwamba Spring Boot, mfumo wa kujengea programu za Java, huizima tabia hiyo. Mkiitaka, washeni tena FAIL_ON_UNKNOWN_PROPERTIES. Hata hivyo Jackson 2 nayo hunyamaza mahali pake: sehemu ya aina ya int, yaani namba nzima, isipoletwa, hubaki 0, na katika malipo 0 ni jibu la hatari kuliko hitilafu. Mtumie BigDecimal, aina ya namba ya desimali isiyopoteza usahihi, kwa kiasi, kisha mhakiki kwamba si null.

Jackson ina mzigo wake. Tarehe za java.time katika matoleo ya 2 zinahitaji moduli ya ziada, ObjectMapper, obijekti ya Jackson inayosoma na kuandika JSON, ni ghali kuitengeneza kwa kila ombi ingawa moja iliyokwisha kusanidiwa huweza kutumiwa na nyuzi zote (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja), na kila metodi ya umma isiyo na vigezo inayoanza na get huweza kutokea kwenye JSON, hata ile ambayo hukukusudia kuionyesha. Msiwashe kabisa ule uwezo wa kumwachia mtumaji ataje jina la klasi ndani ya JSON. Huo ndio uliokuwa mlango wa udhaifu wa usalama wa Jackson uliosajiliwa kama CVE-2017-7525.

JSON-B, kiwango rasmi cha Java cha kazi hiyohiyo kilichotoka mwaka 2017 kama JSR 367, ina maana ikiwa mko kwenye seva ya Jakarta EE (jukwaa la Java la mifumo ya mashirika) tayari. Kwa Spring sioni sababu ya kuifuata.

Kwa mfumo wako ningechukua Jackson, ningeandika rekodi (klasi fupi ya data katika Java) kwa kila ujumbe badala ya Map, na ningemwomba mshirika alete namba ya risiti kama maandishi ndani ya alama za nukuu. Kabla hamjakubaliana na mwenzako, andikeni jaribio moja lenye risiti 20190412000000014 hadi 20190412000000018, lipitisheni kwenye maktaba zote mbili kwa usanidi mnaokusudia kuutumia, kisha mhesabu ni risiti ngapi zinatoka upande wa pili.