Eksirei hazieleweki, zinalandana

SWALI: Nimesoma kwamba LCLS, mtambo wa leza ya eksirei kule California, "hutoa mipigo mifupi sana ya eksirei zinazoeleweka". Je, ni mipigo au mapigo?

JIBU: Ni mapigo, kama ya moyo: pigo moja, mapigo mengi. "Mafupi" ni sawa pia. Pigo la femtosekunde 10 (femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa vipande bilioni, kisha kila kipande vipande milioni), hata ukilipima kwa urefu, ni mikromita 3 tu, yaani elfu tatu za milimita. Na eksirei tumekwisha kuizoea hospitalini; mwanafizikia Mjerumani Röntgen aliipa herufi X mwaka 1895 kwa kuwa hakujua ni kitu gani.

Kinachonikera ni hilo "zinazoeleweka". Kinachoeleweka ni hotuba. Wimbi halina hoja! Mwandishi alikuta neno la Kiingereza "coherent", lenye maana mbili, moja ya usemi na moja ya mawimbi, akaokota ya usemi bila kuuliza mtambo unafanya nini. Wengine huandika "sambamba", nao wamekosea.

Chukua askari 1,000. Wakitembea holela, utasikia mchakacho. Wapange safu zilizonyooka, wote waelekee upande mmoja: sasa wako sambamba, lakini kama kila mtu ana hatua yake, mchakacho ni uleule. Mguu ukitua kwa wote mara moja, uwanja unatikisika. Huko ndiko kulandana, na ile -na ya mwisho inadai wenzi: kitu hakilandani peke yake.

Mtambo ni gwaride hilohilo. Elektroni zaidi ya bilioni moja, kwa kasi inayokaribia ya nuru, hupita katikati ya safu ndefu ya sumaku ambazo ncha zake za kaskazini na kusini hupishana. Zinayumba kushoto na kulia, na kila kuyumba kunatoa eksirei, mwanzoni holela. Kisha eksirei hizo huzisukuma elektroni zijipange matabaka yanayoachana kwa urefu wa wimbi moja, nanomita 0.15 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita) katika eksirei za kwanza za LCLS mwaka 2009. Hapo hatua inakuwa moja. Elektroni 1,000 zilizolandana hutoa nguvu mara 1,000 ya zile za holela, na ndiyo maana pigo moja linatosha kunasa umbo la kitu kidogo mno kabla halijakisambaratisha. Njia ya elektroni ikipinda mikromita chache tu, zinaachana na nuru yake na matabaka hayajengeki.

Lakini tahadhari. Kwa kuwa mambo huanza holela, ndani ya pigo moja hubaki vilele kadhaa visivyofuatana hatua: eksirei zimelandana kwa upana, yaani kutoka ukingo hadi ukingo wa mwali, si kwa muda, yaani tangu mwanzo hadi mwisho wa pigo. Dawa yake ni kuzipitisha eksirei za mwanzo kwenye kipande chembamba cha almasi kinachochuja urefu mmoja wa wimbi, kisha kuzirudisha kwa elektroni ziwe kiongozi wa hatua.

Basi andika "mapigo mafupi mno ya eksirei zilizolandana". Kama almasi imetumika, ongeza "kwa upana na kwa muda".