Mganda wa kumi ulikuwa wa nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mweka hazina wa usharika mmoja mkoani Kilimanjaro. Kwenye semina yetu ya uwakili, yaani utoaji na utunzaji wa mali ya Mungu, palizuka ubishi. Mzee mmoja alisema Wakristo wa Ulaya ya zama za kati walitoa fungu la kumi kwa hiari na kwa furaha, ndiyo maana makanisa yao makubwa yakajengeka. Mwingine akapinga, akasema ile ilikuwa kodi kama kodi nyingine. Naomba utusaidie: ilikuwa lazima au hiari? Mkulima alihesabu kabla ya kutoa gharama zake au baada? Mwenye wanakondoo saba tu alitoaje moja ya kumi? Na maskini, walipata chochote?

JIBU: Marahaba, ndugu mweka hazina. Aliyesema kodi yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa mwenzake naye ana chembe ya haki, kwa sababu jambo hili lilianza kama wito. Katika karne ya 6, Askofu Caesarius wa Arles, kusini mwa Ufaransa ya leo, aliwahimiza waumini wake kutoa zaka kama deni kwa Mungu na haki ya maskini. Hakuwa na askari wa kuwafuata nyumbani. Mwaka 585 maaskofu waliokutana Mâcon wakaongeza tishio la kumtenga na kanisa asiyetoa, lakini mkono wa serikali haukuwamo bado.

Uliingia karne ya 8. Mnamo mwaka 765 hivi, Mfalme Pepin wa Wafranki alimwandikia Askofu Lullus wa Mainz ahakikishe kila mtu anatoa fungu la kumi, atake asitake. Mwanawe, Charlemagne, akaliweka katika sheria za dola mwaka 779. Alipowashinda Wasaksoni huko kaskazini mwa Ujerumani ya leo, aliwabatiza kwa upanga na kuwatoza zaka papo hapo. Mtaalamu wake mwenyewe, Alcuin, alilipinga jambo hilo kwa barua mwaka 796. Hoja yake ilikuwa nzito: hata sisi tuliozaliwa na kulelewa katika imani hii twakubali kwa shida kutoa zaka kamili, sembuse watu waliobatizwa jana? Kwake ilikuwa heri kupoteza zaka kuliko kuipoteza imani. Naiheshimu sana barua hiyo, na ningependa isomwe katika kila semina ya uwakili.

Uingereza, chini ya Mfalme Edgar aliyetawala 959 hadi 975, adhabu iliandikwa bila kificho. Aliyekataa kutoa alijiwa na watu watatu kwa pamoja: msimamizi wa mfalme, msimamizi wa askofu na kasisi. Mazao yake yaligawanywa mafungu kumi. Moja lilikwenda kanisani, moja akaachiwa mwenyewe, na manane yaliyobaki yaligawanywa nusu kwa nusu kati ya bwana wa ardhi na askofu. Yaani aliyeficha moja ya kumi alibaki na moja ya kumi. Karne zilizofuata adhabu ya kawaida ilikuwa kutengwa na kanisa, na Uingereza mtu aliyekaa siku 40 katika hali hiyo bila kutubu angeweza kukamatwa kwa hati ya mfalme na kufungwa.

Kwa hiyo ilikuwa lazima. Tena iliambatana na ardhi kuliko ilivyoambatana na moyo wa mtu. Mtaguso wa nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika Roma mwaka 1215, uliagiza kwamba Myahudi aliyemiliki nyumba au mali iliyokuwa ya Mkristo alilipe kanisa fidia ya zaka na sadaka zilizopotea. Hakuwa muumini wala hakuhudhuria ibada, lakini mali ile ilikuwa na deni lake.

Nije kwenye hesabu, ambayo naona ndiyo iliyowasumbua zaidi.

Wanasheria wa kanisa walitenga zaka za aina tatu. Ya kwanza ilitoka ardhini: nafaka, nyasi kavu za mifugo, matunda, kuni. Ya pili ilitoka kwa wanyama waliolishwa na ardhi hiyo: wanakondoo, ndama, sufu, maziwa, jibini, mayai, asali na nta navyo vilidaiwa. Ya tatu ilitoka kwenye jasho na biashara: faida ya mfanyabiashara, ujira wa fundi.

Katika ile ya tatu gharama zilitolewa kwanza. Mfanyabiashara aliondoa mtaji na matumizi, akatoa moja ya kumi ya faida. Katika nafaka haikuwa hivyo. Mkulima alitoa kutoka pato ghafi, kabla ya kuondoa mbegu, kabla ya ujira wa vibarua, kabla ya kodi ya shamba. Mtaguso huohuo wa 1215 ulisema wazi kwamba zaka itangulie kodi na tozo nyingine zote.

Kilimo cha wakati ule kilikuwa duni. Ngano iliyozaa mara nne ya mbegu ilihesabiwa kuwa mavuno ya kawaida Uingereza. Tuseme mtu amepanda magunia 10 akavuna 40. Fungu la kumi ni magunia 4. Lakini lazima atenge 10 ya mbegu kwa mwaka ujao, kwa hiyo yale 4 yametoka katika 30 anayoweza kula au kuuza. Hiyo ni zaidi ya asilimia 13. Mwaka mbaya akivuna magunia 30 tu, anatoa 3 kati ya 20, asilimia 15, kabla ya bwana wa ardhi kudai chake. Msikilizaji akisikia "moja ya kumi" anadhani mzigo ni uleule kila mwaka, kumbe ulizidi kuwa mzito kadiri mavuno yalivyopungua. Kwangu hili ndilo jambo kubwa la kiufundi katika habari nzima ya zaka, na mara nyingi linarukwa.

Makusanyo yalifanyika shambani. Ngano ilikatwa na kufungwa miganda, na kila mganda wa kumi ukatengwa ubaki palepale mpaka mwenye haki ya zaka atume mkokoteni. Mkulima hakutakiwa kuhamisha yake kabla ya zaka kutengwa, na mvua ikinyesha katikati ya kusubiri, ugomvi ulikuwa karibu. Sehemu nyingine haki ya zaka iliuzwa kabla ya mavuno: mnunuzi alilipa fedha taslimu, akajikusanyia mwenyewe na kubeba hasara au faida. Wamonaki wa Durham, kaskazini mwa Uingereza, walifanya hivyo sana, na hesabu zao zimehifadhiwa kiasi kwamba wanahistoria leo wanazitumia kupima mavuno yalivyopanda na kushuka, pamoja na yalivyoanguka baada ya tauni kuu ya 1348 na 1349.

Sasa wanakondoo saba. Kuna kanuni ya kanisa la Uingereza iliyofafanuliwa karne ya 15 na mwanasheria William Lyndwood, na inajibu swali lako moja kwa moja. Mwenye wanakondoo sita au pungufu alilipa nusu peni kwa kila mmoja. Mwenye saba alimtoa mmoja, na kasisi akamrudishia nusu peni tatu, kwa kuwa walipungua kondoo watatu kufika kumi. Mwenye wanane alirudishiwa peni moja, mwenye tisa nusu peni. Au kasisi angeweza kungoja hadi mwaka wa pili, hesabu itimie kumi. Mtu asiyejua kusoma wala kuandika aliweza kuikagua kwa vidole, na ndiyo maana naiona kuwa kanuni nzuri.

Faida ya biashara ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu nani ataona vitabu vya mtu? Kanisa lilitegemea dhamiri, na maungamo, ambayo tangu 1215 kila mtu mzima alitakiwa kuyafanya angalau mara moja kwa mwaka. London walipita njia nyingine: mpangaji alitoa robo peni kila Jumapili na kila sikukuu kubwa kwa kila shilingi 10 za kodi ya nyumba yake ya mwaka. Wakazi walilalamikia hesabu hiyo kwa vizazi, kwa sababu kila sikukuu iliyoongezwa iliongeza malipo.

Hata kifo hakikufuta deni. Mkulima akifa, bwana wa ardhi mara nyingi alichukua mnyama wake bora, na kasisi wa parokia akachukua wa pili kwa ubora. Maelezo rasmi ya huyo wa pili yalikuwa kwamba marehemu huenda alisahau zaka fulani katika uhai wake. Nakiri kanuni hii inanichoma, maana ilimkuta mjane siku ambayo nguvukazi ya nyumba imepungua. Lakini watu waliiamini sababu hiyo: wosia nyingi za Kiingereza za karne ya 15 zinaanza na peni kadhaa kwa altare kuu "kwa ajili ya zaka nilizosahau", na hao waliziandikisha kwa hiari yao.

Kuhusu makanisa kujengwa kwa zaka, mzee wetu arekebishwe kwa upole. Uingereza, mwenye haki ya zaka kuu, yaani ya nafaka, aliwajibika kutengeneza sehemu ya altare tu. Ukumbi walimosimama waumini, paa lake na mavazi mengi ya ibada vilikuwa juu ya waumini wenyewe, nje ya zaka. Nao waliyafanya: walichanga, waliuza pombe ya nyumbani kwenye sherehe za parokia, waliacha kondoo na fedha katika wosia. Ukitaka kuuona utoaji wa furaha wa enzi hizo, utaukuta hapo.

Basi zaka zenyewe zilikwenda wapi? Mgawanyo wa zamani uliohusishwa na Papa Gelasius ulikuwa mafungu manne: askofu, makasisi, jengo, maskini. Sheria za Wafranki zilipenda matatu, na maskini na wasafiri walikuwa na lao. Kwa vitendo, kadiri karne zilivyosonga, mabwana wa ardhi waliokuwa wamejenga makanisa waliyahesabu kuwa mali yao pamoja na zaka zake. Kanisa lilipodai haki hiyo irudishwe, wengi hawakuirudisha kwa parokia. Waliitoa kwa abasia, yaani nyumba za wamonaki, ili waombewe. Abasia ikawa ndiyo paroko kisheria. Ikachukua zaka kuu na kumweka kijijini kasisi wa badala aliyeishi kwa zaka ndogo: mayai, jibini, nguruwe, mboga. Wamonaki wa Stanlow walipata hivyo parokia kubwa ya Whalley huko Lancashire, na mwaka 1296 wakahamia hukohuko. Mtaguso wa 1215 ulilalamika kwamba makasisi wa namna hii waliachiwa sehemu ndogo mno, ukaagiza wapewe ya kuwatosha.

Hapo ndipo uchungu wa watu ulipoota. Nikisoma malalamiko ya wakati huo, ni wachache wanaosema Mungu hastahili fungu la kumi; wengi wanauliza kwa nini ngano ya kijiji inavuka mto kwenda kwa watu ambao hawajawahi kuwazika wafu wao. Huko milimani kusini mwa Ufaransa, Askofu Jacques Fournier wa Pamiers, aliyekuja kuwa Papa Benedict XII, alisisitiza zaka ya mifugo, na kumbukumbu za mahakama yake ya kusaka uzushi, za miaka ya 1318 hadi 1325, zimejaa wachungaji na wakulima walionung'unikia kondoo wao. Mtu angeweza kuanza kwa kulalamikia kondoo akajikuta anahojiwa juu ya imani yake.

Na maskini? Walikokumbukwa vizuri kuliko kote ninakojua ni Iceland. Sheria ya zaka ilipitishwa huko mnamo 1096 au 1097, wakati wa Askofu Gissur Ísleifsson. Walitoza asilimia 1 ya mali ya mtu kila mwaka, kwa kukadiria kwamba mali huzaa moja ya kumi, kisha wakagawa mara nne: askofu, kasisi, jengo, maskini. Robo ya maskini haikupitia mikononi mwa kasisi. Ilisimamiwa na umoja wa wakulima wa eneo hilo, waliojua nyumba ipi ina njaa.

Uingereza hapakuwa na robo kama hiyo. Kasisi mwema aligawa alichonacho, na abasia nyingi zililisha watu mlangoni pao, lakini mlango huo ungeweza kuwa mbali mno na kijiji kilichotoa ngano. Mwaka 1391 bunge lilitunga sheria kwamba abasia inapokabidhiwa parokia, askofu wa jimbo apange kiasi cha fedha cha kugawiwa kila mwaka maskini wa parokia hiyohiyo, kulingana na thamani ya kanisa, na kasisi wa badala apewe riziki ya kutosha. Mwaka 1402 bunge lililazimika kuithibitisha sheria hiyo upya, safari hii likiongeza kwamba kasisi huyo asiwe mmonaki, na nafasi yake iwe ya kudumu.