Ovaroli ya theluji: usipime joto kwa kilo

Swali: Fundi, habari za kazi. Baba watoto yuko Winnipeg, Kanada, na karatasi zetu zimetoka. Tunaondoka katikati ya Januari na binti yetu wa miaka miwili na miezi mitatu. Sokoni Birere, hapa Goma, nimeona ovaroli ya theluji ya mtumba, nzito ajabu, imeandikwa −40, wanataka dola 35. Ni ya miaka minne, lakini muuzaji anasema mtoto ataikulia. Kuna fundi amekubali kuongeza pamba ndani na tabaka la shitingi, lile turubai la plastiki, ili baridi isipite. Nimpe kazi? (Mama wa Himbi, Goma)

Jibu: Mama, huyo fundi usimpe hata franga moja. Na hiyo ovaroli, kabla hujalipa, ishike begani, uifinye kwa ngumi, uhesabu mpaka kumi, halafu uachie. Ikifura tena kama kitumbua kwenye mafuta, bado ina uhai. Ikibaki na alama za vidole vyako, imekufa. Uzito unaousikia mkononi ni wa nyuzi zilizogandamana kwa kufuliwa vibaya.

Kila wiki naletewa kazi ya namna hii. Watu wetu wanapima joto la nguo kwa kilo! Nguo haina moto ndani yake. Moto ni wa mtoto, na nguo inazuia tu hewa aliyoipasha isimkimbie. Hewa hiyo hukaa imetulia katikati ya nyuzi. Ukishindilia pamba juu ya pamba ndani ya ganda lile lile, unaikamua hewa itoke, na mtoto anabaki amebeba mzigo.

Pamba yenyewe tunaipenda huku kwa sababu inakunywa jasho. Kule hilo ndilo kosa lake. Mtoto wa miaka miwili hatembei, anakimbia, anaanguka, anaamka, anatoka jasho hata kwenye theluji. Pamba inalinywa jasho hilo na haikauki, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Akisimama dakika tano tu, anaanza kuganda kutoka ndani. Kwa hiyo inayogusa ngozi iwe sufu laini au poliesta nyembamba, juu yake sweta ya polari, ile ya kitambaa laini chenye manyoya mafupi, halafu ovaroli. Fulana ya pamba abaki nayo ya kulalia.

Sasa shitingi. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, ufunge kifundoni, uendelee kupepeta mchele dakika kumi. Ukiuvua, mkono umelowa, na hakuna mvua iliyonyesha. Hicho ndicho unachotaka kumshonea binti yako mwili mzima. Wabeba mizigo wa Nyiragongo walikuwa wakiniletea makoti yao niyatengeneze. Mlima ule una mita 3,470, na usiku kule juu si mchezo. Koti moja lilikuwa limewekewa shitingi na fundi mwenzangu, kazi safi kwa macho, mshono umenyooka. Nilipofumua bitana, pamba ilikuwa imeoza na inanuka kama kitambaa cha deki. Mwenyewe aliniambia alikuwa akitetemeka kwenye mlima kuliko wenzake waliovaa sweta mbili za mtumba.

Halafu Winnipeg si Vancouver. Vancouver baridi yake ni ya mvua, huko kitambaa kisichopitisha maji ndicho cha kwanza. Winnipeg wastani wa Januari ni karibu nyuzijoto 16 chini ya sifuri. Theluji yake wakati huo ni kavu kama unga, unaipangusa inadondoka. Adui wako ni upepo na jasho. Weka mdomo kwenye kitambaa cha nje, upulize kwa nguvu: ukisikia pumzi upande wa pili, iache hapo hapo. Maji utayahitaji kuyazuia theluji ikianza kuyeyuka, mwezi wa tatu na wa nne, hasa magotini na makalioni.

Saizi ya miaka minne, hapana. Mpime urefu kwa sentimita, uongeze kama 6, basi. Ikizidi sana, kila akiinama hewa ya moto inatoka shingoni, na miguu inamkwaza. Ile ya kumbana nayo inafinya nyuzi. Angalia pia kama ndani ya mguu kuna kikomo cha lastiki cha kukaa juu ya buti, na zipu iwe ndefu mpaka pajani, maana bado kuna pampasi.

Ile −40 usiisome. Mwaka fulani mfanyabiashara mmoja aliniletea lebo dazeni mbili, −30 na −40, nimshonee kwenye majaketi ya watoto ya kawaida kabisa. Nilimrudishia. Alivuka barabara, jioni yake majaketi yalikuwa sokoni. Kuna wengine wanasugua mshumaa kwenye kitambaa, wanapiga pasi, wanamwaga maji mbele yako yateleze, unapiga makofi. Ukifua mara moja, mshumaa umekwenda. Wengine wanachukua ovaroli za mafundi wa magari, wanatia manyoya ya kofia, wanaita ya theluji. Mzazi anasafiri kesho, hatarudi kudai. Wanajua hilo, ndiyo maana bei zinapanda kila familia zinapopata visa.

Ningekuwa wewe, hapa ningenunua nguo za ndani tu, na ovaroli baba yake ainunue kule aje nayo uwanja wa ndege, wewe umtumie sentimita. Kwenye ndege asivae. Kwenye gari pia aivue kabla ya kufungwa kwenye kiti chake, afunikwe blanketi juu ya mikanda; unene ule hulegeza mkanda gari ikigonga.

Ukiamua kuchukua hii ya Birere hata hivyo, kofia yake ikiwa na kamba ya kufunga shingoni, niletee. Kamba hizo zinanasa kwenye bembea na milango. Naichomoa bure, dakika mbili.