Mkanda wa saa umefika tundu la mwisho na bado unalegea

Swali: Habari za kazi, fundi. Nimenunua mkanda wa saa wa ngozi, kazi ya mkono, ngozi nene ya kupendeza. Masikio ya saa yangu, zile ncha zinazoshika mkanda, yameachana milimita 20 na mkanda ni wa 20, kwa hiyo umeingia bila shida. Kasheshe ni mkononi. Hata nikifunga tundu la ndani kabisa saa inazunguka, bizimu imekimbilia upande wa dole gumba, na ncha ya mkanda inachomoza kama ulimi. Mzunguko wa kifundo cha mkono wangu ni milimita 165. Mkanda una 80 upande wa bizimu na 125 upande wa matundu, unene 4. Nitoboe tundu jingine au niagize mwingine? Na nikiagiza, nimwambie fundi nini?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Toboa, ila ujue umetibu nusu ya ugonjwa. Tundu jipya litaondoa ulegevu. Bizimu haitarudi mahali pake hata ukitoboa kumi, kwa sababu pa kukaa bizimu panaamuliwa na kipande kifupi, kile chenye bizimu, peke yake. Wateja karibu wote huniuliza mkanda una urefu gani. Mimi huwauliza urefu huo umegawanywaje.

Tupige hesabu ya mkanda wako. Kwanza pima kutoka pini moja ya saa hadi ya pili, yaani vile vijiti vya springi vinavyoshika mkanda kwenye masikio. Hukunitajia kipimo hicho, tuchukulie ni 42. Ongeza kipande kifupi, 80, kisha umbali kutoka pini ya upande wa pili hadi tundu unalofunga. Jumla ya vitatu hivyo ndiyo duara la mkanda.

Sasa, duara hilo halilingani na 165 yako. Mkanda unazunguka juu ya mkono, na wako una unene wa 4, kwa hiyo mstari wake wa katikati uko milimita 2 nje ya mwili pande zote. Hiyo inaongeza kama 12 na nusu kwenye mzunguko. Wewe unahitaji duara la 177 hivi. Toa 42, toa 80, inabaki 55. Kapime tundu lako la ndani kabisa. Sitashangaa ukikuta liko 60 kutoka kwenye pini. Hizo 5 ndizo zinazoizungusha saa.

Jambo hili la unene lilinitia aibu nilipokuwa mgeni kwenye kazi. Mteja aliniletea mkanda wake wa zamani, mwembamba wa milimita 2, akasema nitoe nakala kwa ngozi nene. Nikanakili urefu kwa uangalifu wote, nikashona kwa ngozi ya 4 na nusu. Alirudi siku ya pili mkono una alama. Unene peke yake ulikuwa umemla karibu milimita 8, zaidi ya tundu zima. Ndiyo maana simkubalii mtu anayesema "fanya kama huu" bila kunieleza anataka ngozi ya unene gani. Na kwako ni kinyume: ukichukua mkanda mwembamba wenye urefu huohuo wa 80 na 125, utalegea zaidi ya huu.

Turudi kwenye bizimu. Nusu ya 177 ni 88 na kitu. Nusu ya saa yako, 21, imeshakula sehemu yake. Kwa hiyo bizimu ingekaa katikati ya tumbo la kifundo kama kipande kifupi kingekuwa 67 au 68. Chako ni 80. Kipande kifupi hufungwa upande wa namba 12 ya saa, kwenye mkono wa kushoto kinashukia upande wa kidole cha mwisho, na kikizidi kinapitiliza katikati na kupanda kuelekea dole gumba. Ndicho unachokiona. Yapo mafundi wanaokubali kufumua mwisho wa kipande hicho, kukata na kushona upya. Inawezekana, lakini mkanda ambao upana wake unatoka 20 kwenda 16 ukikatwa milimita 12 mwisho wake unakuwa 16 na nusu, hauingii kwenye bizimu ya 16 mpaka kingo zichongwe tena. Kwa mkanda unaoupenda sana, sawa. Vinginevyo agiza.

Kabla ya kuagiza pima mkono vizuri. Kata kipande cha karatasi chenye upana wa mkanda, kizungushe pale unapovalia saa, juu kidogo ya ule mfupa unaochomoza upande wa kidole cha mwisho. Usivute. Weka alama ya kalamu mahali karatasi inapopishana, ilaze juu ya rula usome. Rudia jioni, maana mkono huvimba kwa joto na shughuli, na wengine hupata tofauti ya milimita kadhaa. Uzi sikushauri, unanyooka.

Kwa mkono wako, na ngozi ya unene wa 2 na nusu, ningeshona 68 kwa 110, matundu saba yaliyoachana milimita 6, la katikati likiwa 63 kutoka kwenye pini. La katikati ndilo liwe lako. Ukizoea la mwisho huna pa kukimbilia ngozi inapolainika, na ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti hulainika na kunyooka kidogo miezi ya mwanzo. Siku ya kwanza iwe imebana kiasi, kidole kidogo kipite kwa shida.

Ukipenda unene, mwambie fundi auweke karibu na saa na aushushe kuelekea kwenye bizimu, kwa mfano kutoka 4 hadi 2. Unene uleule mwanzo mpaka mwisho unafanya bizimu iwe kigingi chini ya mkono. Ukiandika mezani utaisikia. Lakini hata upande wa saa usizidishe. Angalia nafasi kati ya pini na ubavu wa saa. Ngozi iliyokunjwa hapo ikiwa nene kuliko nafasi hiyo, mkanda haupindi: unasimama kando ya saa kama mbawa za kuku aliyetishwa. Mpe fundi kipimo hicho pia, wengi hawaulizi.

Upana umeshaupatia. Kwa wengine: masikio yakiwa 19 msilazimishe ngozi ya 20 kwa kuikandamiza, kingo zitakunjamana, na ya 18 itaacha pini ikionekana. Agizeni 19. Anayetaka kifungio cha kukunja badala ya bizimu aseme mapema, kwa sababu chuma chake kinaongeza urefu na vipande vyote viwili hubadilika.

Kuhusu tundu la leo: tafuta kitoboleo cha duara kama cha mafundi viatu, cha milimita 2 au chini kidogo, ukilinganisha na matundu yaliyopo. Laza mkanda kifudifudi juu ya ubao laini, tia alama milimita 6 kutoka tundu la ndani, katikati kabisa ya mishono miwili, kisha gonga mara moja kwa nguvu. Usitumie msumari. Msumari hautoi ngozi, unaisukuma pembeni, na tundu la hivyo hujifunga nusu siku ya kwanza na kuanza kuchanika polepole kuelekea ncha.