Jibu: Vidonge vya antioksidanti kwa mzazi anayeanza kusahau

Ndugu uliyeuliza kama umnunulie baba yako vidonge vya antioksidanti ili kuzuia usahaulifu usiendelee, nami namtunza mama mwenye hali kama hiyo hapa Mbagala, na ushauri wangu ni kwamba fedha hiyo uipeleke sokoni ukanunue mboga.

Hoja ya wauzaji ina msingi. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake, na katika kazi hiyo huzalisha chembe haribifu zinazoshambulia mafuta yaliyomo katika utando wa seli. Kadiri umri unavyosogea, kinga ya asili dhidi ya uharibifu huo hupungua. Vitamini C, vitamini E na rangi za asili za mboga na matunda huzidhibiti chembe hizo, na ndiyo maana huitwa antioksidanti.

Hata hivyo, vidonge vilipopimwa kwa watu, matokeo hayakufuata hoja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wanaume zaidi ya 7,500 waliopewa vitamini E, seleniamu, vyote viwili au vidonge visivyo na dawa, haukuona kinga yoyote dhidi ya dimenshia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mwingine wa mwaka 2014, uliofanywa kwa wagonjwa 613 waliokwisha kuwa na Alzheimer, aina ya dimenshia iliyo ya kawaida zaidi, ulionyesha kuwa uniti 2,000 za vitamini E kwa siku zilichelewesha kushindwa kujihudumia, ingawa kumbukumbu yenyewe haikunufaika. Dozi kubwa namna hiyo si ya kujipangia nyumbani: mama alipoletewa kopo la vidonge hivyo, daktari alisoma lebo kisha akauliza anatumia dawa gani nyingine, na aliposikia kuwa ni aspirini ya kila siku akavikataza, kwa kuwa vitamini E nyingi huongeza hatari ya kuvuja damu.

Chakula ni jambo jingine. Wazee wanaokula mboga za majani mara kwa mara wameonekana, katika tafiti za ufuatiliaji, kupungukiwa na kumbukumbu polepole zaidi, japo hilo pekee halithibitishi kuwa mboga ndizo chanzo. Kwetu hiyo maana yake ni mchicha, matembele na kisamvu, vyote vya bei nafuu. Mchicha tunauosha kabla ya kuukata, tunauweka kwenye mafuta kidogo yenye kitunguu na nyanya, na tunauepua ungali na rangi yake, kwa sababu ukichemshwa na maji yakamwagwa, sehemu kubwa ya vitamini C hupotea, ilhali mafuta hayo kidogo huusaidia mwili kufyonza rangi za mboga.

Kabla ya yote, mpeleke baba apimwe shinikizo la damu, sukari na uwezo wa kusikia, ambavyo wauzaji wa vidonge hawavitaji kamwe. Omba pia kipimo cha vitamini B12, hasa kama anatumia metformini, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu, maana upungufu wake huweza kuleta usahaulifu, na huo unatibika.