Usinunue bunduki kwanza: kwa anayetaka kazi ya kuwinda kulungu Uskoti

Kila ikifika Oktoba simu yangu hujaa maswali. Mtu kachoka na ghala, au na zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, kaona picha yangu mlimani na bunduki begani, basi anaandika: "Kaka, hiyo kazi inaingiliwa wapi? Ninunue bunduki gani?" Usinunue. Anzia kwenye nyama.

Mimi niliendesha basi Glasgow miaka 9, nikaacha nikiwa na miaka 41. Wakati huo sikuwa nimewahi hata kushika bunduki. Shamba moja kubwa huku Nyanda za Juu lilitafuta kibarua wa majira ya baridi: kuchuna kulungu waliowindwa, kupima uzito, kuosha sakafu. Nami nimekulia Tanga kwenye nyumba inayochinja mbuzi kila Idi, kisu nakijua. Hivyo ndivyo nilivyoingia. Wenzangu walioomba wakiwa na bunduki mpya na nguo za kijani za bei mbaya waliambiwa watapigiwa simu.

Nasema kulungu kwa sababu ndilo neno tulilonalo, ila usimfikirie kulungu wa Usambara. Dume wa huku hudondosha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine, jambo ambalo swala wala pofu hafanyi. Na hana wa kumla. Mbwa mwitu walimalizwa zamani, kwa hiyo kulungu wamezaana hadi wanakadiriwa kukaribia milioni 1 Uskoti nzima. Wanakula miche ya misonobari kabla haijafika magotini. Pale Glenfeshie, milima ya Cairngorms, walipunguzwa kweli kweli, na misonobari ikaanza kuchipua yenyewe bila uzio. Hiyo ndiyo kazi unayoajiriwa kuifanya. Risasi ni kifaa tu, kama panga kwa mkulima.

Ndiyo maana siku nyingi za mwaka hutafyatua chochote. Utahesabu marundo ya mavi kwenye viwanja vilivyopimwa, utapiga magoti kuangalia mche upi umeng'atwa na upi umepona, utaandika. Mwisho wa msimu idadi ya waliouawa inapelekwa NatureScot, taasisi ya serikali ya mambo ya asili. Kujaza daftari la basi kila siku bila kudanganya kulinisaidia hapa kuliko kitu chochote. Kama umekuwa nesi, karani au stoo kipa, liseme hilo kwenye usaili. Wanaojua kulenga ni wengi, wanaojua kuandika kumbukumbu ni wachache.

Turudi kwenye nyama, kwani hapo ndipo wageni wanapoaibika. Mnyama akishaanguka unampasua palepale kwenye majani. Vidole viwili vinatangulia ndani ya tumbo, makali ya kisu yanaangalia juu katikati yake, unakata ngozi bila kugusa kilicho chini. Mara yangu ya kwanza nilijiona fundi, si nimeshachinja mbuzi? Nikaharakisha kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi, ncha ya kisu ikatoboa tumbo. Uchafu wa kijani ukamwagika juu ya minofu. Mzee aliyekuwa ananifundisha alivuta harufu mara moja, akafungua chupa yake ya chai, akanywa. Hakunisema. Sehemu iliyochafuka ilikatwa yote ikatupwa, na tulipofika chini aliniacha niandike mwenyewe sababu kwenye kitabu. Toka siku ile sina haraka. Unatazama ini, mapafu na tezi kama kuna uvimbe, kisha nyama inaingia kwenye chumba cha baridi na kushushwa hadi nyuzi 7 au chini yake.

(Waislamu wenzangu mnaouliza kuhusu kuila: mimi husema bismillahi kabla ya kufyatua. Zaidi ya hapo muulizeni shehe wenu.)

Makaratasi yako mawili makubwa. Kibali cha bunduki hutolewa na polisi. Watakuja hadi nyumbani kukuhoji na kukagua kabati la chuma la kufungia bunduki, watataka taarifa kutoka kwa daktari wako, na lazima uwe na sababu ya maana ya kuwa na silaha. La pili ni cheti kinachoitwa DSC1: maswali ya darasani, usalama, usafi wa nyama, kuwatambua kulungu wa aina 6 wanaoishi Uingereza, na shabaha, ambako risasi 3 lazima zikae ndani ya duara dogo kutoka mita 100. Baadaye kuna DSC2, ambako shahidi mzoefu anakuangalia ukiwinda kweli. Pesa yako ya kwanza iweke kwenye DSC1. Bunduki ya kazi, mashamba mengi wanayo.

Kunyatia hakufundishwi kwa maandishi. Nikuambie kimoja: upepo ukiusikia kisogoni, simama urudi, hata kama umetambaa kwenye matope dakika arobaini. Wameshakunusa.

Majike wa kulungu mwekundu, wale wakubwa wa milimani, huwindwa kuanzia Oktoba 21 hadi Februari 15. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayowatoa watu. Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kama saa tisa na nusu alasiri. Katikati hapo upande, upate, umshushe mnyama kabla ya giza. Tena ukimpiga jike mwenye ndama, ndama naye hupigwa, maana ukimwacha atakufa taratibu kwa njaa na baridi. Hakuna aliyeniambia hilo kabla, na usiku ule sikula. Kama huliwezi, hakuna aibu, kuna kazi nyingine za msituni.

Halafu nyumba. Kazi nyingi huku huja na nyumba ya shamba, na watu hushangilia kodi ya bure. Kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Uliza mapema unapewa muda gani wa kuhama, nani analipia umeme na kuni, shule ya watoto iko maili ngapi, na mwenzi wako atafanya kazi gani. Mimi sikuuliza la mwisho, na mke wangu alikaa miezi minane akitazama mvua. Kijijini huenda mkawa Waafrika pekee. Kwetu watu walitutazama wiki mbili, kisha jirani akaja kuomba nimsaidie kukusanya kondoo, na tangu hapo nina jina.

Kiangazi kuna kupe, na wa huku huleta ugonjwa wa Lyme. Vua nguo mlangoni, kagua kwapa na nyuma ya magoti. Kibano chetu cha kuwatolea kinakaa kwenye droo ya vijiko.