Bega la baba, ngazi za Pipeline na mgongo wa boda

Barua za safari hii zimetawaliwa na kiharusi, kwa hiyo nitaanza na hicho na nitakaa hapo kuliko kwingine. Mjue pia kwamba mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na simpimi mtu kwa barua. Nikiandika "mwone daktari", sisemi kwa adabu tu.

SWALI: Baba ana miaka 62. Alipata kiharusi wiki tano zilizopita, upande wa kulia ukalegea. Siku ya kwanza hospitalini walimwacha amelala tu. Sasa tunampeleka fiziotherapia mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Anasimama akishikwa, vidole vinasogea kidogo, lakini tukimwinua kitandani analia bega. Jirani anasema tutafute kliniki yenye mashine za umeme. Binti yake, mtaa wa Umoja, Nairobi.

JIBU: Pole, dada. Tuanze na bega, kwa sababu hilo ndilo mnaloweza kuliharibu leo jioni mkidhani mnasaidia. Tundu la bega halina kina. Kinachozuia mfupa wa mkono usishuke ni misuli. Misuli ikilegea, uzito wa mkono wenyewe unauvuta mfupa chini. Halafu wanakuja vijana wawili, wanamshika mzee kwapani na kumnyanyua kwa moja, mbili, tatu! Pitisha kidole chini kidogo ya ncha ya bega la kulia, kisha la kushoto. Ukikuta kishimo upande wa kulia tu, bega limeshuka, na mwonyeshe mtaalamu wenu mkienda tena.

Kumwinua kwenyewe ni hivi. Asogee hadi ukingoni mwa kitanda, miguu yote miwili ikanyage sakafu, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Kunja leso (kanga) kwa urefu, mfunge imara kiunoni, wewe usimame upande wake mgonjwa na ushike hapo kwenye leso, si mkononi. Goti lako lizuie goti lake lisikunjike ghafla. Mwambie ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume. Wengi hukwama hapo: wanataka kusimama huku wameegemea nyuma, na ndiyo maana mnaishia kuwavuta. Akikaa, mkono ule ulale juu ya mto au meza, usining'inie. Anaweza kulalia upande ule mgonjwa, mradi bega limesogezwa mbele kidogo na mkono haukubanwa chini ya mwili.

Kuhusu siku ya kwanza, msiwalaumu sana wauguzi. Utafiti mkubwa uitwao AVERT, uliochapishwa mwaka 2015 baada ya kuwafuatilia wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi tano, ulionyesha kwamba kumwinua mgonjwa ndani ya saa 24 za kwanza, mara nyingi na kwa muda mrefu, kulipunguza nafasi yake ya kuwa na hali nzuri miezi mitatu baadaye. Kumgeuza na kumkalisha vizuri ni lazima, lakini mazoezi ya nguvu yanaweza kusubiri.

Hesabu inayonisumbua mimi ni nyingine. Wiki ina saa 168. Baba anapata saa moja. Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudia, na kurudia ninakokusema ni mamia ya mara, si kumi. Hakuna mtaalamu awezaye kuyabana hayo yote kwenye nusu saa, hata awe hodari namna gani. Kazi yake ni kuchagua zoezi linalomfaa baba, kuwafundisha ninyi, na kulibadilisha likishakuwa rahisi. Kazi yenyewe iko Umoja, sebuleni kwenu.

Basi mpe mkono kazi inayoeleweka. Kitambaa mezani, mkono wa kulia chini, wa kushoto juu yake, afute mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kikombe cha plastiki kitupu: akishike, akisogeze, akiachie. Hapo kwenye kuachia ndipo penye ugumu, kwa kuwa mkono wa kiharusi kwa kawaida hufumba kwa urahisi na kufumbuka kwa shida. Wale wanaokabidhiwa kampira ka kufinya kutwa nzima huwa wananishangaza. Kabla ya kila mlo, asimame na kukaa mara kadhaa, mtu akiwa karibu. Vidole vikisogea kidogo kama ulivyosema, hiyo ni habari njema kweli, na isipotee kwa sababu mkono wa kushoto umeshika kila kitu. Mkono usiotumiwa, ubongo huuacha. Muulize mtaalamu kama baba ameshafikia hatua ya kufungwa glavu nene mkono wa kushoto, ule usio mgonjwa, kwa muda fulani wa siku, ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Njia hiyo hutumika duniani kote, ila inamfaa tu mwenye uwezo wa kuinua kifundo cha mkono na kukunjua vidole kiasi. Asiye na uwezo huo itamkatisha tamaa bure.

Mashine ya umeme ina nafasi yake, hasa kwa bega lililoshuka likiwa bado changa. Haimfundishi mtu kushika kikombe. Mkiwa na pesa ya kimoja tu, lipieni siku za mtaalamu atakayewafundisha.

Jambo la mwisho: miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye mwendo wa haraka zaidi, lakini mtu anayekwambia baada ya hapo mlango umefungwa anakudanganya. Dawa za presha zisikatizwe hata siku moja. Na mkiona mzee amenyamaza, hali chakula vizuri, hapati usingizi, hataki wageni, mwambieni daktari. Huzuni baada ya kiharusi ni ugonjwa wenye tiba, na mgonjwa mwenye huzuni hafanyi mazoezi.

SWALI: Nilimaliza dawa za TB mwaka jana. Makohozi yamepimwa tena, hayana kitu. Lakini naishi Pipeline, ghorofa ya sita, lifti hakuna. Nikifika ya tatu nakaa chini. Shangazi ananiambia nipumzishe mapafu, nisitembee sana. Fundi cherehani, Embakasi.

JIBU: Shangazi anakupenda, lakini ushauri wake utakufunga ndani. TB hupona na kuacha makovu. Sehemu za njia za hewa zinaweza kupanuka na kutuama makohozi, na pumzi ikabaki fupi hata kidudu kikiwa kimekufa zamani. Ukiogopa kuhema, unatembea kidogo. Ukitembea kidogo, misuli ya miguu inadhoofika na kudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Baada ya miezi michache, hata ghorofa ya kwanza inakushinda.

Ila kwanza: ukianza tena kutoka jasho usiku, kupungua uzito au kukohoa damu, rudi kliniki ya kifua, kwa sababu TB inaweza kurudi. Na kabla ya kuanza mazoezi, omba upimwe kiwango cha oksijeni ukiwa umekaa na baada ya kutembea. Ni kile kifaa kidogo cha kubana kidole.

Baada ya hapo, kinachosaidia ni programu ya mazoezi ya mapafu, mara mbili au tatu kwa wiki chini ya mtaalamu, kwa wiki sita hadi nane au zaidi, na siku nyingine unatembea mwenyewe. Haioteshi pafu jipya. Inaifundisha miguu kutumia vizuri hewa ndogo uliyo nayo, na watu hupata nafuu ambayo hawakuitarajia. Najua barabara za Pipeline hazina pa kutembea; tumia varanda ya ghorofa yako, au juu kabisa wanakoanika nguo ukishafika huko. Mwendo wa kutosha ni ule unaokuwezesha kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba.

Ngazi nazo zina ufundi. Vuta hewa kwa pua ukiwa umesimama, kisha panda vidato viwili huku unaitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama unayepoza chai. Simama. Vuta tena. Usizuie pumzi, na usikimbie ili umalize. Ukizidiwa, inama mbele na uweke mikono kwenye reli. Kukaa chini sakafuni kunakupa kazi nyingine ya kuinuka. Utafika ukiwa umechelewa dakika moja, lakini utafika na sauti.

Asubuhi, kama kuna makohozi, usikohoe mfululizo mpaka macho yatoke. Vuta hewa ndefu mara tatu nne kwa utulivu, kisha itoe kwa mdomo wazi na sauti ya "haa" yenye nguvu, mara moja au mbili. Makohozi yakipanda, kikohozi kimoja kinatosha. Na kama chumbani kuna jiko la makaa, litoke nje, hata kwa chapati moja.

SWALI: Huwa ninaendesha boda Kawangware. Mgongo umenisumbua miezi miwili. Nilipiga picha ya MRI, ripoti ikasema diski, vile vimto vya kati ya pingili za mgongo, zimechakaa. Nina miaka 34. Nimeambiwa nilale wiki mbili kwenye godoro gumu. Familia itakula nini?

JIBU: Usilale wiki mbili. Kulala kitandani kwa maumivu ya kawaida ya mgongo kuliachwa zamani. Kunadhoofisha misuli na kuongeza woga. Na ripoti ile isikunyime usingizi. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo: wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa, wenye miaka 80, asilimia 96. Kwa wengi, kuchakaa huko ni mvi za ndani.

Mgongo wako unachochoka nacho ni kukaa mkao mmoja na kurushwarushwa. Ukiwa stejini shuka kwenye pikipiki, usikae juu yake ukingoja abiria. Tembea, egemeza mikono kiunoni na ujinyooshe nyuma mara chache kama hiyo haiongezi maumivu mguuni. Mizigo ya magunia iache kwa sasa. Nenda kwa mtaalamu akupe mazoezi ya kuongeza nguvu kidogo kidogo, na utarajie wiki kadhaa, si siku mbili.

Lakini kimbia hospitali kubwa usiku huo huo ukipata ganzi sehemu za siri au makalioni, ukishindwa kukojoa au kujizuia, au miguu ikilegea. Na maumivu yanayokuamsha usiku pamoja na homa au kukonda hayasubiri mazoezi: TB ya uti wa mgongo ipo hapa kwetu.

SWALI: Nimeamka uso umepinda kushoto, jicho halifumbi. Mama anasema ni upepo wa dirisha la matatu. Nije fiziotherapia? Msichana, Rongai.

JIBU: Huyu nilimjibu siku ile ile, kwa sababu swali kama hili halingoji safu. Narudia kwa ajili ya wengine. Mtu akipinda uso, mahali pa kwanza ni kwa daktari, siku hiyo hiyo. Mkono ukilegea au maneno yakikwaruza, chukulieni ni kiharusi na mkimbie. Kwa kawaida kiharusi huacha paji la uso likikunjika pande zote mbili. Mshipa wa fahamu wa uso ukivimba, paji nalo hulala. Lakini uamuzi huo mwachie daktari. Ikiwa ni mshipa wa uso, vidonge vya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, husaidia vikianzwa ndani ya saa 72, ndiyo maana kuja kwangu kwanza ni kupoteza wakati. Jicho litiwe matone na lifungwe usiku lisikauke. Wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache. Mimi naingia baadaye, na kioo na mazoezi ya taratibu.

SWALI: Mwanangu wa miaka tisa alivunjika karibu na kiwiko. Plasta imetolewa, mkono haunyooki. Kuna mzee mtaani anayewakanda na kuwavuta. Mama, Kibra.

JIBU: Usimpeleke. Kiwiko kikivutwa kwa nguvu, kinaweza kuota mfupa ndani ya misuli, na hapo kitakaza kweli. Mtoto wa umri huo kwa kawaida hukinyoosha mwenyewe kwa kucheza, kwa miezi kadhaa. Mpe kazi: aanike nguo, ajichote maji ya kunawa. Kama vidole vina ganzi au havina nguvu, au hakuna mabadiliko kabisa baada ya wiki kadhaa, rudi kwa daktari wa mifupa.

SWALI: Nitajuaje kliniki ya fiziotherapia ni ya kweli? Na SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa? Mlezi, Kayole.

JIBU: Kenya ina Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014 na baraza lake la kuwasajili. Omba kuona leseni ya mwaka huu. Mtaalamu wa kweli hakasiriki. SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, Oktoba 2024; uliza dirishani kabla mgonjwa hajapanda kitanda, wakwambie ni huduma gani inayolipiwa hapo na ipi utatoa mfukoni. Kwa mgonjwa anayehitaji kiti cha magurudumu, ulizia APDK, chama cha watu wenye ulemavu, barabara ya Waiyaki, Nairobi. Aliyeumia uti wa mgongo ana hospitali yake ya rufaa barabara ya Lenana.

Leseni peke yake haitoshi, lakini. Kliniki inayokulaza chini ya taa ya joto, ikukande kidogo, ikulipishe na kukwambia "njoo kesho", bila kukupima, bila kukuandikia zoezi la nyumbani, inauza joto. Muulize mtaalamu mambo mawili: tunalenga mgonjwa aweze kufanya nini baada ya mwezi, na sisi tufanye nini leo usiku? Akikosa majibu, hama.

Na kama pesa zinatosha siku nne tu, msizimalize wiki moja. Ya kwanza iwe ya kupima na kufundishwa, ya pili wiki moja baadaye ili makosa yasahihishwe, nyingine zitawanywe kwa wiki zinazofuata. Aende pia yule atakayekaa na mgonjwa mchana, si yule tu mwenye pesa, na abebe simu yenye chaji arekodi zoezi mgonjwa mwenyewe akilifanya.